Vyumba Kumi na Viwili vya Gitaa la Jairo

Jumanne, 19 Novemba 1996

Mlango wa tatu leo. Mwenye nyumba wa mtaa wa Amalemba anataka milango saba kabla ya Krismasi, na kila siku ananiletea kipimo kipya, utadhani nyumba yake inanenepa. Nimepiga randa mpaka bega limekufa ganzi. Saa nane mvua, kama kawaida. Nikafunga karakana, nikanywa chai.

Niandike ile ya Jumapili kabla sijaiongezea chumvi. Kwenye kamati ya harusi ya Khasandi nilisimama. Hakuna aliyeniomba. Walikuwa wanajadili sufuria na hema, mama mmoja akasema kwa sauti ya chini kwamba baba wa bibi arusi hatakuja. Ameapa.

Huyo baba ni Jairo. Rafiki yangu wa miaka ishirini. Tulipiga muziki pamoja Kampala, Mwanza, hata Bukavu. Yeye gitaa, mimi ngoma na maneno mengi. Macho yake yalizimika mwaka juzi. Alikaa hospitali Kisumu miezi mitatu, na gitaa aliloliegemeza ukutani likaliwa na mchwa. Kwa nje zima, kwa ndani unga. Alipolishika likamvunjikia mkononi. Tangu siku hiyo hatoki. Anasemanga baba wa kuvutwa mkono mpaka kanisani si baba, ni mzigo. Na alimwahidi Khasandi tangu akiwa mdogo: siku ya kuolewa nitakutoa nyumbani kwa gitaa. Bila gitaa, yeye na mlango wake uliofungwa.

Basi nikatangaza: nitalitengeneza mimi. Wakapiga makofi. Mimi makofi nayapenda kuliko nyama.

Harusi ni tarehe 14 Desemba. Sijawahi kutengeneza gitaa.

Alhamisi, 21 Novemba

Nimeenda kwa Jairo. Amekonda. Amekaa kwenye kiti kilekile, ameangalia ukuta uleule. Nikamwambia mpango. Nikamwambia mimi ni fundi ambaye vitanda vyake vinalaliwa mpaka Eldoret. Akasema, "Ukiniletea kichezeo cha watoto, mwana wa mama, utakibeba urudi nacho."

Lakini alinifundisha. Kwa kidole, juu ya meza. Kutoka do kwenda re, hatua nzima. Re kwenda mi, hatua nzima. Mi kwenda fa, nusu tu. Fa kwenda so nzima, so kwenda la nzima, la kwenda ti nzima. Ti kurudi do ya juu, nusu. Mimi siku zote nilidhani zote ni ndugu wa baba mmoja, zimepangwa sawa. Kumbe kuna mbili fupi kati yake.

Kwenye gitaa, nusu hatua ni chumba kimoja, kile kipande kati ya chuma na chuma pale shingoni. Hatua nzima ni vyumba viwili. Wa kwaya wanaiita toni. Sisi wa bendi tulikuwa tunasema "ruka kimoja". Nikahesabu kwa vidole: viwili, viwili, kimoja, viwili, viwili, viwili, kimoja. Vyumba kumi na viwili. Na chuma cha kumi na mbili kinakaa katikati kabisa ya uzi, sauti inarudi ileile ya kwanza ila imekuwa ndogo kama ya mtoto.

Hiyo tu? Miaka ishirini wapiga gitaa wananiringia kwa sababu ya hiyo tu? Mimi niliacha shule darasa la sita lakini kumi na mbili naijua.

Jumapili, 24 Novemba

Tumbo la gitaa tayari. Playwudi juu na chini, mbavu za mti wa mukumari. Shingo nimeifanya ndefu kuliko ya magitaa ya dukani, kwa vidole vinne hivi. Kitu cha Jairo hakiwezi kuwa kifupi. Rosa, mke wangu, amekiangalia akasema kinafanana na mwiko wa ugali wa kulisha jeshi. Huyo mwanamke hana adabu. Ndiyo maana nilimwoa.

Sikwenda kanisani. Mungu ananijua, mimi niko kazini.

Jumatano, 27 Novemba

Nimemaliza! Ningeandika kwa herufi kubwa lakini kalamu inaisha.

Vyuma nimekata spoki za baiskeli, zimenyooka, zinang'aa. Vipimo hivi: nikatafuta katikati ya uzi, nikaweka alama. Kutoka mwanzo wa shingo mpaka hapo nikagawanya mara kumi na mbili kwa rula. Sawa kwa sawa, hata unywele haupiti. Ngazi nimetengeneza mimi, nyingi, na ngazi vipandio vyake vinalingana au mtu avunjike kiuno. Ukiangalia shingo hii unaona kazi ya mtu anayejijua.

Nyuzi nimechukua kwa Bwana Juma, yule wa Mumias mwenye duka la redio. Milango ya Amalemba imelala. Mwenyewe amekuja kupiga kelele. Nimemwambia asubiri, kuna mambo ya taifa.

Jumamosi, 30 Novemba

Siku mbaya.

Nilimpelekea Jairo asubuhi. Khasandi alikuwepo, anamwonyesha mamake kitambaa cha gauni. Jairo akalipapasa gitaa kama mtu anayepapasa ng'ombe sokoni. Akanusa mbao. Akapiga uzi wazi, uso ukalegea. Akapiga pale katikati, chuma cha kumi na mbili. Akacheka! Nilimwona akicheka, na Khasandi akaacha kitambaa.

Halafu akapiga do, re, mi.

Re haikufika. Mi ilikuwa kama mtu anayelia na kupiga mwayo pamoja. Akarudia. Akapanda taratibu mpaka juu, na huko juu hatua zikawa ndefu, zinaruka kama chura. Mwanzo sawa, mwisho sawa, katikati uongo mtupu.

"Nani amepima hii?"

"Mimi. Kwa rula."

"Rula." Akaliweka gitaa sakafuni polepole. "Khasandi, mwanangu, mwambie baba mdogo wako arudi na ngazi yake."

Akaingia chumbani kwa kupapasa ukuta. Khasandi alikunja kitambaa kikawa kidogo kabisa. Nimelibeba barabarani watu wakiniuliza, "Fundi, twende wapi kucheza?" Nikawajibu kwa mzaha. Ndani nilitaka ardhi inimeze na gitaa lenyewe.

Jumapili, 1 Desemba

Si rula. Haiwezi kuwa rula. Ni nyuzi. Ni mvua imevimbisha shingo. Ni Jairo, miaka miwili hajapiga, sikio lina kutu. Nimeyasema yote haya kwa Rosa mpaka akaenda kuongea na kuku.

Nimeenda kanisani, nimekaa nyuma. Kabla ya ibada kwaya wanapanda do re mi fa so kulainisha koo. Nikasikiliza kwa mara ya kwanza maishani. Kila hatua nzima ni ndugu ya mwenzake, ya chini na ya juu. Sikio linasema zinalingana. Sasa kama zinalingana, na mimi nimelinganisha, kosa liko wapi?

Sikusikia mahubiri hata neno.

Jumanne, 3 Desemba

Sina usingizi, sina hamu ya chakula. Nimeenda dukani kwa Bwana Juma na karatasi ndefu mfukoni. Ana gitaa moja limetundikwa juu ya redio.

"Salaam aleikum, fundi. Leo unanunua?"

"Aleikum salaam. Leo naangalia."

"Kuangalia ni bure, lakini usiliangalie sana likachujuka."

Alipogeuka kuhudumia mteja nikaweka karatasi juu ya shingo, nikaweka alama. Nikaangalia. Nikafikiri karatasi imeteleza. Nikarudia. Vyumba havilingani! Cha kwanza kipana, cha pili kimepungua kidogo, cha tatu kimepungua tena, mpaka cha kumi na mbili ambacho kidole kinabanwa. Miaka ishirini nimekaa nyuma ya Jairo na ngoma yangu, namwangalia mkono, na sikuwahi kuliona hilo. Kampala sikuliona. Bukavu sikuliona. Nilikuwa naangalia wasichana.

Nikamuuliza Bwana Juma kama gitaa hili ni bovu. Akasema yote yako hivyo. Akaniona na karatasi. "Fundi, unalishonea suti?"

Sijui kwa nini vinapungua. Lakini nimeshakopi. Kesho nang'oa spoki zote.

Alhamisi, 5 Desemba

Nimeng'oa. Nimeziba mifereji kwa vumbi la mbao na gundi. Nimekata upya kwa alama za karatasi ya Bwana Juma. Nimepiga. Mbaya tena! Safari hii hata katikati imepotea, chuma cha kumi na mbili hakifiki nusu ya uzi.

Shingo yangu ndefu. Vile vidole vinne vya majivuno. Alama za gitaa fupi hazilifai refu, kama suruali ya mtu mfupi. Nilikaa juu ya mlango wa nne wa Amalemba nikashika kichwa. Siku tisa zimebaki.

Shingo sasa ina mifereji kama uso wa mzee. Haikatiki tena.

Ijumaa, 6 Desemba

Nahitaji ubao mkavu wa kubandika juu ya shingo. Mbao zote za karakana ni mbichi. Ubao mkavu pekee ninaoujua ni wa mukumari, umekauka miaka kumi na minne, na ni ubavu wa kitanda chetu.

Nimeukata.

Rosa alisimama mlangoni. Nilingoja matusi. Akauliza, "Ni wa Jairo?" Nikasema ndiyo. Akashusha godoro chini mwenyewe. Halafu ndipo matusi yakaja, na yalikuwa mazuri, nimejifunza mapya mawili.

Nimelainisha ubao, nimeubandika. Hauna alama hata moja. Naogopa kuugusa. Mimi, kuogopa ubao.

Jumapili, 8 Desemba

Leo nimeshindwa na nimesema nimeshindwa. Naandika tarehe, ni tukio.

Nilimkuta Khasandi nje, anaanua nguo. Amekonda naye. Bwana arusi ni kijana wa Kabras, mkulima wa miwa, kwao wameshaanza kuuliza mbona baba mkwe hajaonekana hata siku moja. Akaniambia, "Baba mdogo, gitaa si lazima. Namtaka yeye. Lakini Papa hanisikii."

Nikaingia. Jairo na ukuta wake. Nikamweleza yote bila chumvi. Rula, karatasi, vidole vinne, kitanda. Nikasema, sijui kupima hatua nzima. Nimezunguka nchi tatu na sijui.

Aliinamisha kichwa. Nikadhani ananifukuza. Kisha mabega yakaanza kutikisika. Anacheka! Machozi yanamtoka kwenye macho yale yasiyoona.

"Kitanda? Umemkatia Rosa kitanda?"

"Tunalala chini kama wanafunzi."

Alipomaliza kucheka akasema, kwa upole, kwamba uzi ukishafupishwa si uzi uleule tena. Hatua ya kwanza inakatwa kwenye uzi mrefu, kwa hiyo inataka nafasi kubwa. Ya pili inakatwa kwenye uzi uliobaki, ambao umeshapungua. Ya tatu kwenye uliobaki tena. Kama mkate: kila anayefika anakata fungu lake kwenye kilichobaki, si kwenye mkate mzima. Kwa sikio mafungu yanalingana. Kwa mbao yanapungua.

Nikamuuliza kwa nini hakuniambia siku ile ya kwanza. Akasema hakuwahi kujua kama analijua. Vidole vyake vilijua.

"Lete huo ubao kesho," akasema. "Usilete rula."

Jumanne, 10 Desemba

Siku ya pili tunafanya hivi. Nyuzi zote nimelegeza isipokuwa mmoja. Spoki moja imelegea chini ya uzi, naisogeza kwa ncha ya tindo. Jairo anapiga uzi wazi, anaimba do. Anabonyeza juu ya spoki, anasikiliza.

"Mbele."

Nasogeza.

"Umekwenda Kisumu. Rudi."

Narudi.

"Punje ya mtama. Hapo. Usipumue."

Nachora mstari kwa kisu. Hivyo tu, saa nzima kwa spoki moja, wakati mwingine mbili. Tunaanza na hatua nzima, kisha tunatafuta nusu iliyo katikati yake. Na hiyo nusu haikai katikati! Inaegemea upande mmoja, kidogo sana. Mimi mwenyewe ningeiweka katikati na kuapa kwa jina la mama yangu.

Mara moja nilimwambia hapo panatosha, hakuna atakayesikia. Akasema, "Mimi nitasikia, na mimi ndiye nitakayekuwa mbele ya watu bila kuwaona wanavyonitazama." Nikasogeza tena.

Ameongea leo kuliko miaka miwili yote. Amesema gizani kinachomchosha si giza. Ni watu kumpa vitu ambavyo si vizuri wakidhani hataona.

Nilijua anayemsema.

Vyuma vinne vimekaa.

Ijumaa, 13 Desemba

Saba. Siku zimeisha tukiwa na saba. Jana mvua ya mawe, gundi haikushika, spoki ya sita ikang'oka na kurukia uji. Leo tumeirudisha. Juu ya saba ubao ni mtupu, kama shamba ambalo halijalimwa.

Jairo alipiga do mpaka so, akapanda, akashuka. Safi. Maji ya mto. Mamake Khasandi aliacha sufuria jikoni akaja kusimama mlangoni na mwiko mkononi. Nikasubiri Jairo aseme neno. Kesho utatoka? Hakusema. Nikamuuliza. Akasema saba ni chache. Akasema atalala nalo.

Nimerudi. Watu wa kamati wananisimamisha njiani, fundi, vipi? Nawaambia mambo sawasawa. Sijui kama ni sawasawa. Nimepiga pasi suti ya Bukavu. Haifungi tumboni. Nimemfokea Rosa bure, kisha nimemwomba msamaha bure.

Jumapili, 15 Desemba

Asubuhi tulivu. Kichwa kizito kidogo.

Jana saa tatu magari ya Kabras yalishafika, akina mama wanapiga vigelegele, Khasandi yuko ndani na gauni, na mlango wa Jairo umefungwa. Saa tatu na nusu umefungwa. Mimi nilikuwa nimeshatunga uongo aina tatu wa kuwaambia wageni. Kisha ukafunguka. Alitoka peke yake. Mkono mmoja ukutani, mwingine umelishika gitaa shingoni. Hakuna aliyemshika. Mtu alitaka kumsaidia nikamvuta shati. Akafika mwisho wa ukuta, akauachia, akaanza kupiga. Wimbo wa kwake mwenyewe, wa kupanda na kushuka ndani ya vyuma saba, mahali alipotaka kwenda juu zaidi aliuimba kwa mdomo. Khasandi akaja akasimama kando yake, bega kwa bega, wakaenda hivyo mpaka barabarani, Jairo anafuata sauti ya gauni. Kutoka hapo mpaka kanisani nilitembea nyuma yao. Sikutoa neno. Watu watakwambia.

Leo nimekwenda kumwona. Nyumba imekuwa kubwa bila Khasandi. Alikuwa nje juani, gitaa magotini, hapigi. Mamake Khasandi akatuletea chai.

Akaniuliza gauni lilikuwaje. Nikamwambia jeupe, mikono mirefu, lina maua madogo hapa kifuani. Akaniuliza viatu. Nikamwambia. Kisha akauliza, "Na uso wake? Nilipoanza kupiga, uso wake ulikuwaje?"

Nina maneno mimi. Ningeweza kumtungia uso mzuri kuliko wa malaika. Nikafungua mdomo.

"Sikuuangalia, ndugu yangu. Nilikuwa naangalia vidole vyako visikosee."

Akatikisa kichwa. Akanywa chai.

"Basi tulikuwa vipofu wawili," akasema.

Tukakaa. Ng'ombe wa jirani wakapita. Baadaye nikarudi nyumbani kwa miguu, nikajilaza kwenye godoro pale chini, na Rosa, ambaye hajazoea nikinyamaza, amekuja mara mbili kuangalia kama napumua.